Panya Road, msako na RB zinazolala: kwa nini kila baada ya miaka michache tunarudi palepale

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite zake salama.

Kila vijana wenye mapanga, hawa tunaowaita Panya Road, wanapovamia mtaa hapa Dar, humu jukwaani tunagawanyika pande mbili zilezile. Upande mmoja unasema wale shaba, yaani wapigwe risasi, yaishe. Upande wa pili unasema ajira hakuna, mnategemea vijana wafanye nini. Nimesoma michango ya pande zote na naona mnaliruka jambo lililokaa katikati. Kwa maoni yangu, kinachokuza magenge ya mjini ni kesi ndogo inayoripotiwa kituoni na kulala hukohuko. Umaskini upo, bangi ipo, malezi yameyumba, sibishi. Ila maskini wa Dar ni mamilioni, na wanaotembea na panga usiku ni wachache mno. Hao wachache wameshajua jambo moja: ukiiba, hakuna anayekufuata wewe kama wewe. Siku moja litafuatwa kundi zima, na siku hiyo wewe utakuwa umeshasafiri.

Tukumbushane Januari 2015. Ijumaa ya tarehe 2, jioni, maduka yanafungwa Magomeni, Sinza, Mwananyamala, watu wanakimbia ovyo, simu zinapigwa "wameshafika huku". Nusu ya waliokimbia hawakumwona hata kijana mmoja mwenye panga. Kamishna Suleiman Kova, wakati ule Kamanda wa Kanda Maalumu, akaja kueleza kwamba chanzo kilikuwa vijana waliotoka kumzika mwenzao. Na huyo mwenzao aliuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Siku zilizofuata difenda za polisi zikaingia mitaani na vijana kwa mamia wakasombwa.

Hebu irudieni hadithi hiyo polepole. Kijana anatuhumiwa kuiba. Wananchi hawampeleki kituoni, maana wanaamini keshokutwa watakutana naye tena kijiweni. Wanamuua. Mauaji ya namna hiyo kisheria ni mauaji kama mengine, lakini niambieni ni mara ngapi mmesikia mtaa umepelelezwa kwa kumchoma mtu na tairi. Marafiki zake wanamzika huku wakijua fika kwamba hakuna atakayeshtakiwa. Wanarudi kutoka makaburini na hasira zao, wanaumiza watu wasiohusika. Polisi wanakuja, wanasomba hata wasiohusika. Kila hatua hapo ni mtu aliyeamua kumaliza mwenyewe kwa sababu hakutegemea kesi yoyote ifike mwisho. Wananchi, vijana na polisi wote walicheza mchezo mmoja.

Sasa kuhusu hiyo kesi ndogo. Mmevunjiwa usiku, wamechukua tivii bapa, simu mbili na mtungi wa gesi. Asubuhi unakwenda kituoni. Kaunta kuna foleni, unaandikisha maelezo, unapewa RB, kikaratasi chenye namba. Mpelelezi anachukua namba yako ya simu, anasema atakupigia. Hapigi, unapiga wewe. Gari halina mafuta, au limekwenda kwenye msafara. Kama una elfu ishirini ya mafuta mambo yanaweza kusogea kidogo, kama huna unaambiwa uwe mvumilivu. Baada ya wiki tatu umeshachoka, unanunua simu nyingine kwa mkopo na RB inabaki kwenye pochi mpaka inafutika maandishi. Mimi nimeshapita hapo, kituo sikitaji, na naamini wengi wenu mmepita.

Yule kijana aliyebeba tivii anauona uchovu wako kutokea kijiweni. Wakati wewe unasubiri simu, tivii imeshauzwa kabla ya adhuhuri. Anayeinunua ni mtu mzima, ana fremu yake, hatembei na panga, wala hajulikani kwa jina la Panya Road. Sijawahi kusikia operesheni kabambe ya kumsaka mnunuzi. Na bila yeye kijana wa miaka 16 ana tivii ya nini? Umeme wenyewe kwao wanaunga.

Kitu kinachoniudhi ni kwamba nyenzo zipo. Tangu 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, kila mtu anajua kwamba kila simu ina namba yake ya utambulisho, IMEI, na inaweza kuzimwa. Laini zote tumesajili kwa alama za vidole. Simu ya mkubwa ikiibiwa inapatikana kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo uwezo upo, unachagua tu nani wa kumfaa.

Badala ya hiyo kazi ya mtu mmoja mmoja, tuna msako. Na msako una historia yake. Mkoloni alisaka "wahuni" Dar na kuwarudisha bara miaka ya 1940 na 1950. Nairobi ndiyo usiseme: Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji mzima katika Operesheni Anvil, wakasomba maelfu kwa maelfu kwa kuangalia kabila na karatasi alizobeba mtu. Tukapata uhuru, na 1983 tukaja na Nguvu Kazi, mtu asiye na kitambulisho cha kazi anapandishwa lori kwenda shamba. Makosa ya uzururaji bado yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo Arusha, ilishatoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinagongana na Mkataba wa Afrika. Polisi wa miji yetu walianzishwa kwa kazi ya kuondoa watu wasiotakiwa mjini. Kupeleleza nani kaiba nini kwa nani kulikuja baadaye na hakujawahi kupewa uzito.

Angalieni nani hukamatwa kwenye msako. Ni aliyekaa kijiweni saa 1 jioni, bodaboda anayesubiri abiria, mtoto aliyetumwa mkaa. Wenye mapanga wenyewe walishapata taarifa, wako kwa shangazi Kibaha wanakula. Sheria inasema mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, dhamana ni bure, imebandikwa hadi ukutani. Lakini mzazi anajua kilichomtoa mtoto wake. Na yule asiye na wa kumtoa analala mahabusu na watu wazima, anatoka akiwa na namba za simu ambazo hakuwa nazo. Nchi nzima Shule ya Maadilisho, ya watoto waliotiwa hatiani, ni moja tu, Irambo kule Mbeya. Mkoa wa Dar sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 5.38. Pigeni hesabu wenyewe.

Halafu kuna neno "majibizano ya risasi". Septemba 2022, baada ya mwanafunzi wa Muhimbili kuuawa na wavamizi nyumbani kwao Kawe (jambo la kinyama, sitafuti kumtetea mtu), siku chache baadaye polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa katika majibizano. Inawezekana kabisa ilikuwa hivyo. Shida ni kwamba mwananchi hana namna ya kujua, na tuna kumbukumbu ya Januari 2006. Tuliambiwa majambazi wanne wameuawa wakirushiana risasi na polisi Sinza. Ikaundwa tume chini ya Jaji Kipenka, ikaja kuonekana marehemu walikuwa wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi, na mapambano ya Sinza hayakuwepo. Kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka kumi. Tangu siku ile, kila taarifa ya majibizano nasoma mara mbili.

Nawakaribisha. Matusi hapana.

---

#2 mpangaji_wa_tabata

Mleta mada, umeandika vizuri lakini unaongea kama mtu aliyelala na geti la umeme. Sisi 2022 walituingilia saa 8 usiku, wako zaidi ya kumi, baba mwenye nyumba kakatwa panga mkono mbele ya watoto wake. Ukimwambia mtu kama yule habari za Nguvu Kazi ya 1983 atakutazama tu. Baada ya wale sita kula shaba mtaa ulitulia, watu wakaanza kukaa nje usiku. Hilo nalo liandike.

---

#3 Mleta uzi

Mkuu, pole sana kwa hilo, na pole nyingi kwa mzee. Nimeliandika: mtaa ulitulia. Ila 2015 ulitulia pia. Na kabla ya Panya Road walikuwepo Mbwa Mwitu, kabla yao Komando Yosso, na kila mara tulitulia. Jina linakufa, baada ya miaka kadhaa linakuja jina jingine na watoto wengine. Aliyekuwa na miaka 9 wakati wa Mbwa Mwitu ndiye aliyekuja kushika panga.

Na nikuulize, aliyemkata mzee anajulikana ni nani? Alipelelezwa, akafikishwa mahakamani, mzee akaitwa kutoa ushahidi? Au tunaamini tu kwamba alikuwa mmoja wa wale sita?

---

#4 mpangaji_wa_tabata

Hajulikani. Faili sijui liliishia wapi. Mzee alikwenda mara kadhaa, mkono wenyewe haushiki vizuri, nauli inatoka mfukoni kwake, akaacha.

---

#5 mstaafu_kitengo

Vijana, mimi nimelitumikia jeshi mpaka nimestaafu, miaka ya mwisho nikiwa upelelezi. Nitasema machache.

Mleta uzi hajakosea sana, lakini anaona upande wa kaunta aliposimama yeye. Mpelelezi mmoja wa kituo cha kata zetu anabeba mafaili ambayo hata kuyapanga mezani ni shida. Kwenye eneo la tukio anakwenda kwa bodaboda, hela yake. Karatasi za kuandikia maelezo ananunua. Asubuhi yuko mahakamani, mchana kuna zuio la maandamano anaitwa, usiku doria. Mkubwa wake anapoulizwa na mkoa, anaulizwa "mmekamata wangapi". Hata siku moja sikuulizwa niliowatia hatiani ni wangapi. Sasa mtu akipimwa kwa waliokamatwa, atakamata. Difenda moja ikizunguka Manzese saa 1 jioni inarudi imejaa, ripoti inapendeza.

Na ninyi raia mna la kwenu. Nimepoteza kesi nyingi kwa sababu shahidi hakuja. Siku ya kuibiwa analia kaunta, baada ya miezi minne ya kuahirishwa anasema "afande, nimesamehe". Kumbe mama wa mtuhumiwa amekwenda kwake usiku na kanga mbili na laki moja. Kijana anaachiwa, mtaa unasema polisi wamekula hela.

Kwa kumbukumbu tu, mambo haya Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliyaandika mwaka 2023. Moja ya mapendekezo ilikuwa upelelezi utolewe na kuwekwa kwenye chombo chake cha taifa. Jingine, tuache kuwa Jeshi, tuwe Huduma ya Polisi. Wenzangu wengi walichekea hilo la jina. La upelelezi hawakulichekea, maana wanajua ndipo palipooza.

---

#6 Mleta uzi

Afande shikamoo. Hicho cha kupimwa kwa waliokamatwa nilikuwa nakihisi, sikuwa na mtu wa ndani wa kunithibitishia. Maana yake hata polisi mwema, mwenye nia, mfumo unamsukuma kwenye kusomba.

---

#7 mama_mbagala

Habari zenu kaka zangu. Mimi huwa nasoma tu humu, leo nachangia.

Mwanangu wa pili alisombwa kwenye msako akiwa na miaka 15. Alikuwa nje ya banda la video, mpira unaonyeshwa. Mimi natoka nyumbani saa 10 alfajiri kwenda Feri kuchukua samaki, narudi jua limezama, kwa hiyo habari nilizikuta kwa jirani. Kituo sikitaji. Nilimkuta ndani na wanaume wazima, amevuliwa shati na viatu, mkanda wameuchukua. Nikaambiwa ni Panya Road. Nikamuuliza afande, ameiba nini, kwa nani? Akanijibu, "Mama, tutajua huko mbele." Alikaa siku nne. Namna alivyotoka tuyaache.

Alipotoka hakurudi shule. Alikuwa anasema wenzake wanamwita Panya. Mwanzo walikuwa wanamtania, baadaye akawa analiitikia. Akawa anakuja usiku na vijana nisiowajua, wananisalimia kwa heshima, shikamoo mama, wanakula, wanaondoka. Namshukuru Mungu mjomba wake alimchukua, yuko Masasi kwenye korosho. Lakini kuna wenzake wawili aliokuwa nao ndani ambao hawapo tena.

Wanaosema wazazi tumeshindwa kulea, sawa. Lakini nani alimfundisha mwanangu kwamba yeye ni Panya?

---

#8 mpangaji_wa_tabata

Dada pole sana. Hapo sina neno.

---

#9 mtu_wa_mathare

Niaje watu wa Bongo. Nimefuata huu uzi tangu asubuhi, acheni niwape yetu kwa maana sisi tulitangulia kwenye hiyo barabara yenu.

Genge la Mungiki walipoanza kushika mitaa ya mabanda Nairobi, watu walidhani ni mambo ya dini na mila tu. Kumbe ilikuwa biashara. Mathare walikuwa wanauza stima ya kuunganisha, maji, choo unalipa, ulinzi unalipa, matatu ikiingia steji inalipa. Waliingia mahali serikali haikuwa. Na mwanzo kuna wazee waliwapenda, kwa maana ukiibiwa na uwaambie, mali inarudi siku hiyohiyo. Polisi walikuwa wanajulikana kwa kitu kimoja tu, kukusanya hongo ya chang'aa, gongo yenu. Kwa hivyo mtu wa Mathare alikuwa na wakusanya kodi wawili, na wa kwanza angalau alikurudishia redio yako.

Machi 2002 wakapigana na genge pinzani lililojiita Taliban kule Kariobangi, watu zaidi ya 20 wakauawa usiku mmoja. Serikali ikapiga genge marufuku kwa tangazo. Marufuku haikuwaondoa kwa steji hata moja. Novemba 2006 Mathare ikaungua tena, mambo ya nani atatoza wapika chang'aa. Halafu 2007 genge likaanza kukata watu vichwa, na Juni maafisa wawili wa polisi wakauawa Mathare. Msako uliofuata sitausahau. Milango ilipigwa mateke nyumba kwa nyumba, wanaume wakalazwa chini kwa matope, watu zaidi ya 30 wakauawa kwa siku chache. Mwaka uliofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa ripoti ya karibu watu 500 waliouawa au kupotea, kikosi cha polisi kikihusishwa. Philip Alston wa Umoja wa Mataifa akaja Februari 2009, akasema mauaji yanafanywa na polisi kwa mpango. Machi hiyo, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, waliokuwa wanakusanya ushahidi wa hayo, wakapigwa risasi garini karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa niwaulize, tulimaliza magenge? Watoto waliolala chini ya kitanda 2007 ndio waliokuja kuwa magenge ya Gaza kule Kayole na Superpower Eastleigh. Mwaka wa 2010 serikali ilitangaza orodha ya magenge 33 haramu. Desemba 2016 ikatoa orodha nyingine, na hiyo ilikuwa na 90. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini dawa kama inafanya kazi, ugonjwa hauongezeki karibu mara tatu.

Mwaka wa 2017 kukawa na ile video ya Eastleigh, afisa amevaa kiraia anampiga risasi kijana aliyelala chini, mchana, watu wamezunguka. Unajua kilichoniuma? Wengi walishangilia. Wafanyabiashara walichoka kuporwa. Siwalaumu sana, kwa maana hao hawakuwahi kuona kesi ikienda korti na ikaisha.

---

#10 mpangaji_wa_tabata

Mkuu wa Mathare, sasa nyie IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, si mnayo? Inasaidia?

---

#11 mtu_wa_mathare

Iko, kwa sheria ya 2011. Inasaidia polepole sana. Ile kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa pamoja na mteja wake na dereva Juni 2016, ilichukua miaka sita kufika hukumu ya hatia, na hiyo ni kesi ambayo mawakili wa nchi nzima waligoma wakaandamana. Kijana wa Mathare hana chama cha mawakili. Oktoba 2022 kikosi maalumu cha polisi, SSU, kilivunjwa, watu wakashangilia. Sisi huwa tunangoja tuone kikirudi na jina gani. Naona hata polisi wana tabia ya magenge, jina likichafuka linabadilishwa.

---

#12 wa_kisauni

Assalaam aleikum. Niongeze la huku kwetu Mombasa. Hawa vijana wa magenge ya Wakali Kwanza na Wakali Wao, wengi twawajua kwa majina na kwa mama zao. Si wageni. Mzee wa mtaa ajua, imamu ajua. Kwa nini hatusemi? Kwa sababu mama akienda kumsema mwanawe kituoni, hajui kama atamwona tena hai. Akiwa na yakini kwamba mwanawe atakamatwa, ahukumiwe, afungwe miaka mitatu arudi, wako kina mama wangewapeleka wenyewe kwa mkono. Lakini hakuna mama atakayempeleka mwanawe kufa. Ndiyo mtaa mzima umekaa kimya, na genge lafaidi kimya hicho. Wanasiasa nao wakati wa kura wawachukua haohao kwa mia tano mia tano, wakawavalisha fulana.

---

#13 Mleta uzi

Aleikum salaam. Ustadh, umemaliza jambo ambalo nilikuwa nalizunguka tu. Nilisema polisi hawapelelezi, wewe umeonyesha kwa nini hata wakitaka hawawezi. Upelelezi wa mjini haufanyiki maabara, unafanyika kwa mtu kumnong'oneza mtu. Kila anayepotea baada ya kukamatwa anaondoka na minong'ono ya mtaa mzima. Kwa hiyo anayeshangilia mtuhumiwa kuuawa anashangilia pia kupotea kwa taarifa ambazo zingemfikisha kwa mnunuzi wa tivii yake.

Mpangaji wa Tabata, hapo ndipo ninapotofautiana na wewe, na siyo kwamba nawaonea huruma wenye mapanga. Nataka aliyemkata mzee afungwe kwa kumkata mzee, jina lake lisomwe mahakamani, na vijana wengine wa kijiwe chake wakae pale wasikie. Hilo sijaliona likijaribiwa kwa mfululizo hata mwaka mmoja.

Na polisi kata? Wazo ni zuri, tangu enzi za Mkuu wa Polisi, IGP Mwema, na Polisi Jamii yake lilikuwa zuri. Mkaguzi mmoja akikaa kata moja miaka mitatu atajua nani mnunuzi, nani anavuta, nani alikuwa shule jana na leo hayupo. Shida anahamishwa mara tu akishazoeana na watu, au kata nzima ina yeye tu na simu yake.

---

#14 mstaafu_kitengo

Nyongeza fupi. Anayezoeana na watu anashukiwa na wenzake kwamba "ameshakuwa raia". Nimeliona hilo. Na kuzoeana kuna hatari yake pia, wapo waliozoeana na wauza unga badala ya wananchi. Bila mtu wa nje wa kulikagua jeshi, ukaribu unaweza kuwa bei mpya ya rushwa.

---

#15 katibu_wa_mtaa

Wakuu, mada tamu. Mimi ni mtu wa serikali ya mtaa, pembezoni huku Chanika. Tuna ulinzi shirikishi, vijana wetu wanalinda usiku kwa rungu na tochi, kila kaya inachanga. Juzi wamemkamata dogo wa miaka 14 anaruka ukuta, ana bisibisi na simu tatu mfukoni. Wengine walitaka wammalize palepale, mjumbe akawazuia. Kituoni wakasema mahabusu imejaa. Tumemrudisha kwao, lakini mtaa una hasira. Naomba msaada wa kueleweka, hayo mengine mtajadili baadaye. Tufanye nini?

---

#16 mstaafu_kitengo

Katibu, mmefanya vyema kumwacha hai, maana angekufa ninyi nyote mliokuwepo mna kesi ya kujibu.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo ni mtoto, haruhusiwi kuwekwa na watu wazima, ndiyo maana usishangae kituo kidogo kumkwepa. Msiende pale tena, nendeni kituo cha wilaya, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Nendeni na mzazi wake na afisa ustawi wa jamii wa kata, na mwenyekiti aandike barua yenye mhuri. Wenye zile simu tatu lazima waje waandike maelezo wenyewe, bila mlalamikaji hakuna kesi, kuna hadithi tu. Simu msizigawe kienyeji, zikabidhiwe na mpewe hati. Mkishapata RB, andikeni jina la mpelelezi na namba yake, na kila Jumatatu mwenyekiti ampigie. Akinyamaza, pandeni kwa OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, halafu OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Ukienda mtu mmoja utaambiwa njoo kesho. Wakija watu saba na mhuri, faili linatafutwa.

---

#17 Mleta uzi

Katibu, mimi naongeza la mnunuzi. Muulizeni dogo, mbele ya mzazi wake na bila kofi hata moja, zile simu alikuwa anampelekea nani. Jina hilo msilitangaze kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mpeni mpelelezi mkononi kwa maandishi. Mkilitangaza, usiku huohuo fremu inachomwa na ushahidi unaungua humo.

---

#18 katibu_wa_mtaa

Asanteni sana wakuu. Kesho tunakwenda wilayani na mzazi wake. Wenye simu wawili tumeshawapata, mmoja bado, maana simu imezimika na hakuna anayejua ni ya nani.

---

#19 mstaafu_kitengo

Ichajini iwake, mbonyeze *#06#, IMEI itatokea hata kama ina neno la siri, mradi ule ukurasa wa kupiga simu za dharura ufunguke. Mpeni mpelelezi hiyo namba, aiandikie kampuni ya simu. Na waambieni watu wa mtaa wako kila mmoja aandike ya kwake kwenye daftari leo, ikishaibiwa hawataipata tena labda wawe na boksi.